Nani Atamtia Moto Mzee Odhavji?

"Mko kumi na mmoja," mhudumu alisema. "Sheria ni kumi. Mmoja wenu hataingia."

Msomaji, wiki nzima umewaacha watu hawa wamesimama kwenye upepo mbele ya nyumba ya kuchomea maiti, huko magharibi ya Sydney. Twende tukawatoe.

Na wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Mzee Odhavji Thakkar, aliyeuza baiskeli na vitenge mjini Kigoma miaka thelathini na minane kabla ya kuhamia Australia kwa binti yake, amefariki kwa kiharusi. Yumo kwenye jeneza, ndani ya gari jeusi, hatua ishirini kutoka hapo walipo. Ni Septemba 2021, wiki ya kumi na mbili ya watu kufungiwa majumbani kwa sababu ya korona. Kwa desturi ya Wahindu, mzee alipaswa kutiwa moto kesho yake tu.

Leo ni siku ya sita.

Siku sita! Na ukiuliza kwa nini, utatajiwa jina moja: Kirit.

Kirit ndiye mtoto pekee wa kiume wa marehemu. Anaishi Perth, upande wa pili wa nchi, na Perth imeifungia Sydney mlango. Anayetoka huko kuja Sydney harudi kwake bila kibali, na kibali hakipatikani. Mara mbili wiki hii Kirit alisema anakuja. Mara mbili ndege ilifutwa. Hakufika, lakini neno lake lilifika kila asubuhi: moto wa baba hauwashwi na mwanamke, nisubirini.

Mwanamke huyo anayezuiwa ni Hansa, dada yake, mwalimu wa hesabu, miaka hamsini na minne. Ndiye aliyekaa na baba yake miaka kumi na miwili katika nyumba ya Granville. Kwa siku sita Hansa amelala na simu sikioni. Amejaza fomu akaambiwa fomu imebadilika juzi. Amepiga nambari akaambiwa apige nambari nyingine, na hiyo nyingine ikamrudisha kwenye ile ya kwanza. Amekwenda kuomba maua ya njano kwenye bustani za majirani kwa sababu maduka ya maua yamefungwa. Na sasa mhudumu huyu hapa, na koti lake la njano la kazi, anamwambia mmoja amezidi.

"Hebu hesabu tena," Hansa alisema.

Mhudumu akahesabu tena kwa kidole. "Kumi na mmoja."

Watu wakatazamana juu ya barakoa. Kisha macho, moja baada ya jingine, yakamwendea mtu mmoja.

Dévote Irankunda.

Wewe ungemwona mara moja. Ndiye Mwafrika mweusi peke yake pale, na ndiye Mkristo peke yake. Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wilaya ya Kasulu, sasa anakaa mtaa wa Macquarie Fields na kufanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Miaka mitatu, kila asubuhi, alikuja kumwogesha Mzee Odhavji, kumnyoa, na kubishana naye kwa Kiswahili cha Kigoma kama uduvi wa Ujiji una ladha kuliko dagaa. Mzee mwenyewe, asiyekula samaki, hakuwahi kuonja hata mmoja maishani, lakini alibisha.

"Huyu si wa familia," alisema Mansukh, mtoto wa ndugu wa Mzee Odhavji, mwanamume mnene mwenye miwani iliyojaa ukungu. "Ni mfanyakazi. Atoke, tuingie."

"Mimi naweza toka, haina shida," Dévote alisema haraka. "Dada Hansa, mimi nitaombea Babu hapa nje."

"Hutoki."

"Hansa, usilete mambo," Mansukh alisema.

"Nani alimwosha Baba jana? Wewe? Ulisema mgongo unakuuma. Nani alimfunga shuka? Nani alimtia maji ya mto Ganga mdomoni wakati mimi mikono inatetemeka? Hutoki, Dévote!"

"Basi nani atoke? Mama yako?"

Mhudumu alitazama saa yake. "Mna ukumbi hadi saa sita kamili," alisema. "Zimekwisha dakika saba."

Ndipo Bharat, mume wa Hansa, mtu wa maneno machache, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nitakaa garini," alisema.

"Bharat! Wewe ni mkwe!"

"Mkwe anaweza kukaa garini. Nipe mkoba wako na simu zenu. Ingieni, muda unakwenda."

Wakaingia kumi.

Laiti matatizo yangebaki mlangoni! Ndani, viti vilikuwa vimetawanywa kama vya mtihani. Hansa akasogeza kiti karibu na mama yake. Mhudumu akakirudisha.

"Tunaishi nyumba moja," Hansa alisema.

"Pole, mama. Viti vina alama sakafuni."

"Nimempikia chai leo asubuhi. Nimemvisha mimi. Hapa ndipo nitamwambukiza?"

"Pole, mama."

Kwa hiyo Mama Savita, bibi wa miaka themanini na mmoja, mwenye macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho, aliketi peke yake katikati ya zulia, sari yake nyeupe imekunjwa magotini. Watoto wake humwita Ba, ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama. Tangu mumewe aanguke sebuleni, Ba hakuwa amesema neno. Siku sita. Alikula alipolishwa na kulala alipolazwa.

Jeneza likaletwa, likafunguliwa. Mansukh akaanza kwa sauti, "Ram naam..." na wengine wakaitikia.

Mhudumu akainua mkono. "Kuimba hakuruhusiwi. Anaruhusiwa kuhani peke yake."

"Si kuimba. Ni jina la Mungu," Hansa alisema.

"Kwa sauti ya chini basi."

Wakalitaja jina la Mungu kwa kunong'ona, kama wezi.

Kuhani wao, Shastri Devendra, kijana wa miaka arobaini hivi aliyetoka Gujarat, alikuwa amepanga sinia lake: mchele, samli, kipande cha msandali, majani ya tulsi yanayofanana na kivumbasi, na kafuri. Alipotoa kiberiti, mhudumu aliruka.

"Hapana, hapana! King'ora cha moshi kitalia jengo zima."

Hansa akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kizuri kusikia. "Tumekuja kuchoma maiti," alisema, "na hatuwezi kuwasha kiberiti."

Shastri hakubishana. Hii ilikuwa maiti yake ya tatu tangu asubuhi. Aliweka kafuri juu ya kifua cha mzee bila kuiwasha, akavuta barakoa juu ya pua, na kuuliza kwa Kigujarati swali ambalo Hansa alilisubiri kwa siku sita.

"Nani atatoa moto?"

"Mimi," Hansa alisema.

"Hapana!"

Sauti ilitoka kwenye tableti. Pooja, binti yake Hansa mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa ameishika mikononi, na ndani yake ulikuwa uso wa Kirit, umekaribia mno hata paji halionekani.

"Shastri-ji, mimi ndiye mtoto wa kiume," Kirit alisema. "Niko hai. Sijakataa. Mtu mwingine asiguse."

Kisha akageukia Kiswahili, maana ndugu hawa wawili tangu utoto wao Kigoma waligombana kwa Kiswahili tu. Kigujarati kilikuwa cha wazazi na Kiingereza cha shule.

"Hansa, nimekuomba kwa heshima."

"Umeniomba siku sita, Kirit. Baba amekaa kwenye friji siku sita kwa sababu ya heshima yako."

"Unataka nifanyeje? Ndege wanafuta wao, sifuti mimi!"

"Sikulaumu kwa ndege. Nakulaumu kwa kunizuia. Kama huwezi kuja, niache nifanye."

"Watu watasema nini? Kwamba Odhavji alikuwa na mtoto wa kiume akachomwa na binti?"

"Watu gani? Tazama! Watu tisa! Wengine wako wapi waseme?"

"Mum, tuna dakika ishirini na mbili," Pooja alisema. Kiswahili chake huishia njiani, akamalizia kwa lugha yake: "Just do it, please."

Shastri alikuwa akitazama huku na huku. Hakujua Kiswahili hata neno, lakini ugomvi aliuelewa. "Dada," alimwambia Hansa kwa upole, "siku hizi mabinti wanatoa moto, mimi sina kipingamizi. Lakini mtoto wa kiume akisema hapana mbele yangu, nifanye nini? Marehemu mwenyewe aliacha neno lolote?"

"Hakuacha," Mansukh alijibu.

"Pardon," sauti ikasema nyuma. "Aliacha."

Wote wakageuka. Dévote alikuwa amesimama. Mkononi alikuwa na simu yake, ile moja ambayo hakumpa Bharat.

"Babu aliniambia nimurekodi," alisema. "Mwezi wa saba. Alisema, 'Dévote, weka hiki, watoto wangu watagombana.' Mimi nikaogopa kusema kwa sababu kampuni yetu inakataza kabisa kurekodi mgonjwa. Wakijua, kazi imeisha. Lakini haya mambo yamekuwa mengi, dada. Siwezi nyamaza."

Mansukh alisimama. "Umemrekodi mzee mgonjwa ndani ya nyumba yake? Hilo ni kosa. Nitapiga simu ofisini kwenu leo hii."

"Piga," Dévote alisema. "Lakini sikiliza kwanza."

Akabonyeza.

Kulikuwa na mkwaruzo, kikohozi, kisha sauti ya Mzee Odhavji ikajaa ukumbi ule wa mazulia. Ilikuwa sauti ya mwenye duka, inayosemea juu ya kelele za mtaani.

"Imewaka hiyo? Ee. Sikilizeni. Mimi Odhavji, akili yangu nzima, nimeshanyolewa na nimekunywa chai. Nikifa msisumbuke sana. Kirit akiwepo, yeye na dada yake waniwashe wote wawili, mkono juu ya mkono. Walitoka tumbo moja hao. Kirit asipokuwepo, Hansa atanitosha. Huyu ndiye ananikata kucha. Basi. Na wewe Dévote, usiende kunililia kanisani kwenu, utawachanganya malaika. Zima."

Hansa alijifunika uso kwa mikono miwili. Dévote alikuwa akicheka na kulia pamoja.

"Amesema nini?" Shastri aliuliza.

Na hapo, kabla Hansa hajapata pumzi, Mansukh alitangulia.

"Amesema anataka mtoto wa kiume," alimjibu kwa Kigujarati, macho makavu kabisa. "Amesema Kirit. Kama hayupo, asubiriwe."

"Muongo!" Hansa alipiga kelele. "Muongo wewe! Shastri-ji, hakusema hivyo!"

"Binti ana hasira, hasikii vizuri."

"Nimesikia kila neno! Amesema mimi! Kirit, mwambie! Kirit, umesikia, sema!"

Kirit alikuwa amesikia, uso wake ulionyesha, lakini mdomo haukufunguka.

Shastri aliinua mikono. "Mmoja anasema hivi, mwingine anasema vile. Mimi lugha hiyo siijui. Nimwamini nani?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje, msomaji? Dévote hajui Kigujarati. Pooja anakijua cha jikoni tu. Mwenye kusema kweli anaonekana mwenye hasira, na mwongo ametulia kama mtu anayesubiri basi.

Kiti kililia katikati ya ukumbi.

Ba alikuwa anasimama.

Mhudumu akaanza kusogea amsaidie, akakumbuka umbali, akabaki. Ba alinyoosha mkono mbele, akapapasa hewa mpaka akagusa ukingo wa jeneza. Akaushika. Kisha akasema, kwa Kigujarati, kwa sauti iliyokuwa na kutu ya siku sita:

"Mume wangu amesema, Kirit akiwepo, washike pamoja. Asipokuwepo, Hansa. Hakuna zaidi."

Akageuza uso kuelekea mahali alipoisikia sauti ya Mansukh, akamwambia kwa Kiswahili, "Na wewe, aliyekulipia shule ni huyu aliyelala hapa. Kaa chini."

Mansukh akakaa.

"Mke amesema," Shastri alisema. "Yatosha. Dada, njoo mbele. Osha mikono."

"Hansa."

Ilikuwa sauti ya Kirit tena, lakini sasa haikuwa ile ya ugomvi. Ilikuwa ndogo, na nyuma yake kulikuwa na watu wengine wanazungumza.

"Hansa, umemsikia Baba. Mkono juu ya mkono. Nipe muda mpaka—"

"Mpaka kesho?"

"Si kesho. Nisikilize. Sasa hivi niko—"

"Uko! Uko! Siku sita uko! Jumamosi uko njiani, Jumatatu uko njiani, jana uko kwenye simu na kampuni ya ndege! Umemsikia huyu anadanganya mbele ya Baba, ukanyamaza. Sasa ndiyo unapata mdomo? Pooja, mkate sauti."

"Finally," Pooja alisema, na kidole chake kikagusa kioo.

Mdomo wa Kirit uliendelea kusema bila sauti. Aliinua mkono, akautikisa. Hansa alikuwa ameshageuka. Dakika moja baadaye picha ikazimika yenyewe.

"Amekasirika, ameondoka," Mansukh alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Aende," Hansa alisema.

Aliosha mikono kwenye bakuli. Shastri akaanza kusoma, haraka lakini bila kuruka. Hansa akapaka samli kwenye paji la baba yake, kwenye mabega, kwenye miguu. Akaweka mchele. Akaweka kipande cha msandali kifuani, karibu na ile kafuri isiyowashwa. Kucha za mzee zilikuwa fupi na safi. Alikuwa amezikata siku mbili kabla ya kuanguka, na mzee alikuwa amelalamika kwamba anamkata nyama.

Akazunguka jeneza mara ya kwanza. Mara ya pili, mlango mkubwa wa nyuma ukagongwa.

Mhudumu akatoka. Akarudi.

"Kuna mwanamume wa familia yenu nje. Anataka kuingia. Nimemwambia mko kumi, haiwezekani."

"Ni mume wangu. Anataka nini?"

"Anasema msubiri. Anasema kuna mtu anakuja."

Hansa alisimama na samli ikimchuruzika vidoleni. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama.

"Mtu gani?"

"Kaka yako, kama nimeelewa. Amempigia mumeo simu sasa hivi."

"Mwache aingie anieleze mwenyewe."

"Siwezi. Akiingia mko kumi na mmoja."

"Dakika moja!"

"Nitapoteza kazi, mama. Faini yenyewe siwezi kuilipa."

"Basi mimi nitoke."

"Ukitoka shughuli imekwisha, lazima nifunge jeneza. Familia nyingine iko nje inasubiri saa sita." Aliisema bila ubaya; alionekana mtu aliyechoka, mwenye mistari myekundu ya barakoa mashavuni. "Ukitaka kuahirisha, naweza kukuahirishia. Nafasi inayofuata ni Jumanne."

Leo ilikuwa Ijumaa.

"Jumanne," Hansa alirudia.

Mlango ukagongwa tena, mara hii kwa ngumi.

"Dada Hansa," Dévote alisema taratibu, "labda mimi nitoke, shemeji aingie?"

"Aliyeingia ameingia," mhudumu alisema. "Kubadilishana hakuruhusiwi, majina yameshaandikwa."

Hansa alifumba macho. Aliiona Jumamosi, alipokaa mlangoni mpaka giza. Aliiona Jumatatu, alipopika wali wa kaka yake, akaumwaga. Sasa Kirit amekatwa sauti kwenye tableti, akamkimbilia Bharat, Bharat aliye mpole, asiyeweza kumnyima mtu neno. Ahadi ya tatu. Na ikivunjika ya tatu, itakuja ya nne, na baba yake atakuwa bado kwenye friji, na nambari juu ya kidole cha mguu.

"Ba," aliita. "Kirit amempigia Bharat. Anasema anakuja. Tufanyeje?"

Ba alikuwa bado ameshika ukingo wa jeneza. "Umechoka?" aliuliza.

"Nimechoka, Ba."

"Na mimi. Na yeye pia amechoka."

Hansa akamaliza mzunguko wa tatu, na wa nne. Jeneza likafungwa. Likasogea lenyewe kwenye reli mpaka mbele ya mlango wa chuma, na mhudumu akamwonyesha kitufe cha kijani ukutani, kidogo, kama cha kengele ya nyumba.

Alikibonyeza. Hakikufanya kitu.

"Kwa nguvu kidogo," mhudumu alisema.

Hansa akakibonyeza kwa dole gumba, mwili wake wote nyuma ya dole lile, na mlango wa chuma ukainuka. Joto likamfikia usoni. Jeneza likaingia. Mlango ukashuka, na nyuma yake kikaanza kunguruma kitu kizito, kisicho na haraka.

Hakulia. Alihisi miguu nyepesi, kama mtu aliyetua ndoo. Alimgeukia Dévote, na kwa mara ya kwanza katika siku sita alitabasamu. Dévote akamfuata, akasahau alama za sakafuni, akamkumbatia mbele ya mhudumu na sheria zake zote. Mhudumu akatazama pembeni.

"Babu amekwenda vizuri," Dévote alisema.

"Amekwenda vizuri," Hansa alisema.

Saa sita kasoro dakika mbili, wakafunguliwa mlango wa kutokea.

Bharat alikuwa amesimama pale pale, karibu kabisa, kiganja kimemvimba kwa kugonga. Barakoa ilikuwa mfukoni. Mhudumu alitaka kumkemea, akaacha.

"Umebonyeza?" Bharat aliuliza.

"Nimebonyeza."

Bharat alitazama juu, kwenye bomba refu la jengo, akashusha macho haraka kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake.

"Najua amekupigia," Hansa alisema. "Usiniudhi, Bharat. Ni maneno yale yale."

"Si yale yale. Alinipigia akiwa kwenye kiti cha ndege, Hansa. Nilimsikia mhudumu wa ndege anawaambia wafunge mikanda. Alikaa uwanjani tangu alfajiri anasubiri mtu asitokee apewe kiti chake, na amekipata dakika ile ile mlipokuwa mnasikiliza sauti ya Baba. Mlipomkata sauti alikuwa kwenye foleni ya kupanda. Anatua saa kumi."

"Alisema nini?"

"Kwamba amewaacha watoto wanalia mlangoni, na hajui atawaona lini, labda Krismasi, labda baada yake. Kwamba haidhuru. Kwamba Baba amesema mkono juu ya mkono."

Nyuma yao Ba alikuwa ametoka, ameshikwa bega na Pooja. "Nani anatua saa kumi?" aliuliza. "Pooja, wanamzungumza nani?"

Pooja aliibana tableti kifuani.

"Yuko hewani sasa," Bharat alisema. "Simu amezima. Hakuna wa kumpata kwa saa nne. Lakini kabla hajazima aliniuliza neno moja, na mimi nilikuwa nakimbia kuja hapa, nilijua nitaingia, nilijua nitawazuia..."

"Alikuuliza nini?"

"'Wananisubiri?'"

Hansa alimshika mumewe mkono, samli ikampaka kwenye shati.

"Ukamjibu nini, Bharat?"

"Nilimwambia ndiyo."